Parseli Hii Haiuzwi

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa pili

Joëlle amepiga simu. Anakuja Jumamosi. Si kunitembelea. Kunichukua! Chumba changu kiko tayari Kisangani, kina vigae chini na dirisha linalotazama mto. Mume wake Didier amekubali. Anasema baba hawezi kubaki peke yake katika nyumba aliyofia mama. Amesema hivyo mara nyingi tangu tumzike Domitille, lakini safari hii amekata tiketi za ndege. Ya kuja ni moja. Za kurudi ni mbili.

Nimejibu ndiyo, ndiyo, mwanangu. Siku zote najibu ndiyo kwenye simu. Naogopa yuniti zitaisha katikati ya hapana.

Akauliza ninakula nini. Nikasema nakula vizuri mno, Mama Fifi ananipikia, na jirani wanajaa hapa mpaka mimi mwenyewe nakosa kiti. Kweli ni hii: asubuhi nakula mikate ya huyohuyo Fifi, ile midogo ya mviringo anayokaanga kando ya njia. Jioni nakula iliyobaki asubuhi.

Na kweli nyingine: sitaki kwenda. Nimetafuta sababu tangu saa sita, sijaipata. Nyakasanza, mtaa wetu huu, si pazuri. Mwezi huu vumbi linaingia hata ndani ya chumvi. Bule, tulikotoka mimi na Domitille, kulikuwa na baridi nzuri na viazi vikubwa kama kichwa cha mtoto. Sijawahi kusema hapa ni bora. Lakini sitaki.

Hippolyte, jirani yangu, amesikia yote. Uzio wetu ni mwembamba na hana kazi nyingine. Akapaza sauti kutoka upande wake: "Papa Joëlle, weye uende! Mutu iko na mutoto Kisangani, anabaki hapa kula vumbi ya nini?" Yeye pia anaondoka, anasema. Anarudi Kilo, alikochimba dhahabu ujanani. Anaondoka tangu siku tuliyofika hapa! Ndiyo maana mabati ya nyumba yake hayana hata msumari. Yameshikwa na mawe tu, ili siku ya safari ayabebe bila matundu. Domitille alikuwa akisema nyumba ya Hippolyte ni mgeni aliyekataa kiti.

Nimepata mpango. Ni mzuri sana. Kesho nanunua rangi.

Jumanne, tarehe 4

Mpango ni huu. Mjini hapa, parseli, yaani kiwanja na nyumba yake, ikiachwa bila mtu, watu wengine huiuza. Mwenyewe anarudi na kukuta ghorofa. Ndiyo maana wenye akili huandika ukutani kwamba haiuzwi. Bon. Joëlle akifika na kuona maandishi, ataelewa kwamba wezi wa parseli wanatuzunguka, na kwamba lazima mzee abaki kulinda. Mlinzi haachi lindo. Hata Didier hawezi kujibu hilo.

Kopo la rangi nyekundu. Brashi nimeazima kwa Rachidi, anayeuza mafuta ya moto, yaani pikipiki, kwa chupa pale kwenye kona. Yeye huitumia kupangusa chupa. Nimeandika ukuta wa mbele, herufi za kupendeza, ndefu kama mlango: PARSELI HII HAIUZ

Ukuta umekwisha! Sikuwa nimepima. Ikabidi ile WI niizungushe kwenye kona, upande wa Hippolyte. Akatoka na kikombe chake cha chai. Akaitazama. Akauliza WI ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akasema basi niifunge kamba isije kulala kwake.

Kabla jua halijazama, hodi. Ni Guelord, komisionere, yule kijana wa viatu vinavyong'aa anayetafutia watu parseli za kununua. Nyuma yake mume na mke. Nikamwonyesha maandishi kwa kidole. Akatikisa kichwa kama daktari. "Ndiyo, Papa. Maandiko tumeona. Njo maana tumekuja." Anasema hakuna mtu anayeandika vile kama maneno ya kuuza hayajaanza ndani ya familia. Na mzee aliyefiwa, peke yake, mtoto yuko mbali... Akanipa pole. Pole ya kweli, mpaka macho yakamlowa.

Yule mama akauliza kama jiko linajaa moshi. Nikajikuta namweleza kwamba halijai, mradi dirisha dogo liwe wazi. Mpumbavu mimi!

Jumatano, tarehe 5

Asubuhi nimekohoa, kama kawaida. Hippolyte akagonga sufuria upande wake, ko! kama kawaida. Ameanza mchezo huu tangu msiba wetu. Nikikohoa, anagonga. Ananidhihaki. Mtu mwenye adabu angejifanya hajasikia.

Wanunuzi wengine. Wawili wamefika wenyewe, bila Guelord. Halafu Guelord na bwana mwenye suti. Suti akapima kiwanja kwa hatua, akafika kwenye mti wa avoka, akaupiga kofi kama ng'ombe. Akasema geti litapita hapa. Huu utaanguka.

Nataka kuandika jambo la huo mti.

Tulipofika kutoka Bule, Domitille alipanda maharagwe na mboga ya lenga-lenga tu. Vitu vinavyoliwa mvua hiyohiyo. Alisema hawezi kupanda vitu virefu kwa watu, kwa sababu tunarudi nyumbani. Sanduku lake lilikaa karibu na mlango, limefungwa kamba. Mvua zikaja, zikapita. Kila mara habari za vita huko juu, Bule, hazikuwa nzuri. Asubuhi moja nikamkuta uani amechimba shimo, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, na kokwa ya avoka kando yake. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema amechoka kula maharagwe.

Sikuuliza tena. Jioni ile alifungua sanduku, akatundika nguo zake ukutani, moja moja, akizikunguta. Sasa mti umepita paa. Asante, Domitille.

Nimemwambia Suti aende zake. Nimemwambia kwa upole. Akasema sawa, atarudi Jumamosi, binti akiwepo. Nani amemwambia habari za Jumamosi? Hippolyte! Amekaa mchana kutwa kwenye kigoda chake, chini ya WI yangu, akiwaeleza wageni habari za mtaa. Anawaambia maji yako mbali, njia ni mbaya, lakini jirani ni mtu mtulivu sana. Anajisema yeye mwenyewe!

Alhamisi, tarehe 6

Mpango wa pili. Mzuri kuliko wa kwanza. Sababu yangu ya kubaki sijaipata, basi nitatumia za wengine. Nitawauliza watu kwa nini wanakaa hapa na kama wanapapenda, na Jumamosi waje kumwambia Joëlle.

Nimeanza na Rachidi. Alikuwa akitoka migodini kwenda kwao, moto yake ikakatika mnyororo hapa kwenye kona. Akakaa kungoja fundi. Nikamkumbusha kwamba mnyororo ulitengenezwa zamani, kabla ya watoto wake wote kuzaliwa. Akasema ndiyo, lakini alikuwa amekwisha kukaa. Je, anapapenda? Akacheka mpaka chupa zikatikisika. Hapa? Vumbi, matope, halafu vumbi tena! Nikasema basi ahame. Akanuna papo hapo. "Weye Muzee, unanifukuza? Nimekukosea nini?" Ilibidi nimbembeleze.

Kisha Fifi. Nilimkuta akigeuza mikate. Kwa nini anakaa hapa? Akanitazama kama nimelewa. "Papa Joëlle, weye umesahau?" Sikuwa nimesahau, sikuwa najua. Alitoka Djugu kwa miguu, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na alikuwa akipita tu, akitafuta shangazi yake upande mwingine wa mji. Mama mmoja alisimama kwenye uzio akamwuliza kama anataka maji. Akampa katika kikombe cha bluu. Akamwambia akae chini kwanza anywe vizuri. "Njo nikakaa," Fifi anasema. "Mpaka leo niko nakaa."

Kikombe cha bluu kiko kwangu. Nanyolea ndevu humo. Sikujua!

Nilisimama pale mpaka mikate ikaanza kuungua, naye akanigombeza. Nikauliza basi kama anapapenda. Hapana kabisa! Spika za kanisa, panya, Rachidi na petroli yake karibu na moto wake. Lakini Jumamosi atakuja, na atapika sombe, yale majani ya muhogo, nisionekane mwongo mbele ya mtoto wangu. Mungu ambariki mwanamke huyu.

Nimemgawia kila mtu neno la kusema. Fifi atasema hewa ni safi. Rachidi atasema watu wanapendana. Amebaki Hippolyte. Yeye atasema ni kimya.

Ijumaa, tarehe 7

Hippolyte amekataa. Hawezi kusifu mahali anapohama. Nikamwomba tena. Akasema atafikiri, ila kwanza niondoe WI.

Nimeisugua kwa petroli ya Rachidi. Haikutoka. Imeenea. Sasa upande wa Hippolyte kuna doa jekundu lenye ukubwa wa meza, watu wanaopita wanauliza nani amechinjwa. Hippolyte aliligusa kwa kidole, akakinusa. Akasema sawa, atakuja. Anataka kuona mwisho wangu.

Mchana tulifanya mazoezi. Fifi aliposema hewa ni safi, lori la mbao likapita, tukapotea wote ndani ya vumbi. Rachidi aliposema watu wanapendana, Fifi akamdai beseni lake alilomwazima. Hippolyte alisema "kuko kimya" kama mtu anayetoa habari ya kifo.

Saa kumi upepo ukavuma. Bati moja la Hippolyte likaruka, jiwe na yote, likaanguka kwenye avoka yangu. Hakuna tawi lililovunjika, asante Mungu. Nilimsaidia kulirudisha. Nikiwa juu ya ngazi nikamwambia habari ya misumari, kwamba ninayo, na nyundo ninayo. Akasema mtu anayepiga misumari haendi popote. Nikasema na yeye je, anakwenda? Akanipa jiwe, kubwa kuliko lile la kwanza.

Jumamosi, tarehe 8

Siku ya leo! Nitaandika kwa mpangilio.

Joëlle alishuka kwenye moto na begi lake. Amenenepa kidogo, anafanana na mama yake anapokunja uso kwa jua. Kabla sijafika kumpokea, nani yuko mlangoni? Guelord, Suti, na wale mume na mke wa Jumanne. Joëlle akasoma ukuta. Akawatazama. Akanikumbatia, analia. "Papa! Kumbe umeisha kukata shauri! Umeuza!" Akasema alikuwa akiogopa safari nzima jinsi ya kunishawishi, kumbe mimi ni jasiri, nimemaliza kila kitu mwenyewe.

Nikasema ndiyo, ndiyo, mwanangu.

Nilisema hivyo! Si kwenye simu, usoni kwake!

Tukaingia ndani. Wanunuzi nao wakaingia, wakidhani ni sehemu ya mazungumzo, na Fifi, asiyeweza kumwona mtu amesimama bila sahani, akawapakulia. Sombe ilikuwa ya Domitille. Namaanisha ladha. Yeye ndiye aliyemfundisha Fifi kuweka mawese mwishoni. Joëlle alionja akaacha kutafuna kidogo, halafu akaendelea.

Nikatoa ishara. Rachidi akasimama, akasema hewa ni safi. Hilo lilikuwa neno la Fifi! Fifi kwa hasira akasema kuko kimya. Kanisa likafungua spika, kwaya ya vijana ikaanza. Hippolyte hakuwa na neno tena, limechukuliwa, akajipakulia fufu.

Joëlle akacheka, kwa heshima. Akasema anashukuru, wazazi wake, lakini tuseme kweli: hapa ni vumbi tu, na makelele, na kila kitu ni taabu. Kisangani ni afadhali.

Fifi akaweka kijiko chini. "Vumbi gani?" Rachidi akauliza ni makelele yapi, yeye hasikii kitu. Wote walipaza sauti kwa sababu ya kwaya. Fifi akasema Joëlle ni mtoto wake, lakini asitukane mahali alipolelewa. Siye tunaokula hii vumbi tunajua utamu wake! Na Hippolyte, huyu anayehama, ndiye aliyewaka kuliko wote. Akauliza Kisangani kuna nini. Joto! Mbu! Mto! Mutu atakunywa mto wote?

Joëlle akamgeukia. Akamwuliza kwa upole: na weye, Muzee Hippolyte, weye unakaa hapa kwa nini?

"Mimi sikai," akasema. "Mimi napita."

Tukacheka mpaka Suti akapaliwa. Hippolyte hakucheka. Alikuwa akiviringisha tonge la fufu kwa muda mrefu. Kisha akasema, akitazama sahani, kwamba papa yako anakohoa kila asubuhi. Kikohozi kibaya, kama moto inayokataa kuwaka. Yeye akikisikia, anagonga sufuria, papa yako ajue amesikiwa. Siku moja wakati wa mvua hakukohoa. "Nikaruka huu uzio na miguu hii ya uzee. Namukuta analala tu, amechelewa kuamka. Nikarudi." Akala lile tonge. "Kisangani, nani atamugongea?"

Mimi nikamwongezea sombe. Akasema chumvi ni kidogo.

Joëlle akatoka uani. Suti naye akatoka, kupima tena. Nilisikia kupitia dirisha. Joëlle akamwuliza anahesabu nini kwenye mti wa mama yake. Suti akamweleza habari ya geti. Joëlle akamwambia hii parseli haiuzwi, hakusoma ukutani? Suti akasema, kwa haki kabisa, ukuta wa mbele unasema HAIUZ tu. "Basi zunguka kona!" Huko kona limebaki doa tu, lakini sauti ilikuwa ya Domitille, ileile aliyofukuzia mbuzi.

Jumapili, tarehe 9

Baada ya misa, Joëlle amesema nibaki. Ana masharti. Nile chakula cha mchana kwa Fifi, kila siku, cha kweli. Nimpigie simu nami niseme hapana ninapotaka kusema hapana. Na akanikabidhi kwa Hippolyte. Kunikabidhi! Alimwita kwenye uzio akamwambia Papa yuko mikononi mwako. Kama mbuzi. Hippolyte akasema sawa, ila sitalala kwake.

Joëlle aliniuliza kama napapenda hapa. Nikamwambia avoka bado hazijaiva vizuri, lakini zikifungwa kwenye nguo ndani ya begi zitaiva njiani. Akasema ameelewa. Akachuma mwenyewe, akichagua, akiacha zile za juu.

Usiku huu kuna mtu anapumua katika chumba cha pili. Namshukuru Mungu kwa binti, kwa sombe, kwa kikombe cha bluu. Nimekiosha. Ndevu nitazitafutia kingine.

Jumatatu, tarehe 10

Joëlle ameondoka mapema. Nilimsindikiza hadi moto ilipopotea kwenye vumbi. Vumbi letu. Nimekohoa, ko! ikajibu. Nikakohoa tena bila haja. Ko! Siku nzuri.

Kisha Fifi akaleta habari na mikate. Hippolyte anahama! Kweli safari hii. Mpwa wake amempigia kutoka Kilo, na Hippolyte ameulizia gari la mizigo sokoni. Nikachungulia kwenye uzio. Alikuwa juu ya ngazi, anageuza mawe. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anayahesabu. Nikamwambia Kilo ni mbali kwa umri wake. Akasema nina kichwa nguvu. Nikasema yeye ndiye. Tukagombana vizuri kwa muda, lakini sikufurahia kama kawaida.

Guelord amepita kunisalimu. Hana kinyongo hata kidogo. Anasema tangu niandike ukutani, hajawahi kupata wateja wengi hivi katika mtaa mmoja, na nikiwa na wazo la kuandika tena nimjulishe. Kijana mzuri.

Nimekaa na kufikiri mpaka jioni. Na mpango umekuja, wenyewe, mzima! Kopo la rangi lina nusu. Kesho Hippolyte anakwenda sokoni kwa habari ya lile gari. Akirudi atakuta ukuta wake wa mbele umeandikwa, kwa herufi nyekundu, kwamba parseli hii haiuzwi. Mtu ambaye parseli yake iko hatarini hawezi kwenda popote. Atabaki kuilinda. Sioni kinachoweza kuharibika.

Safari hii nitapima herufi kwanza.